Figo za Kurithi, Maji ya Safari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wageni wa Malindi na Lamu

Ukurasa huu ni wa wale wanaokuja Malindi au Lamu kwa likizo, harusi, Maulidi au kuzuru wazee, na tayari wana ugonjwa wa figo au ini waliourithi kwa mama au baba. Zaidi tutauzungumzia ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye figo, ule ambao madaktari huuandika kwa herufi ADPKD, kwa kuwa ndio unaochanganywa sana na kichocho na jamaa zake. Sikoseli ina swali lake. Majibu yameandikwa na mtu wa maabara, kwa hivyo msishangae mkojo ukitajwa kuliko kitu kingine chochote.

Nina vifuko kwenye figo tangu ujana. Nimetoka likizo Malindi na sasa nakojoa damu. Ni vifuko au ni kichocho?

Kwa kuutazama mkojo hutajua, na daktari naye hatajua. Kifuko kikivuja damu kwa ndani, damu hiyo huweza kushuka na mkojo. Wenye ugonjwa huu wengi hupatwa na jambo hili angalau mara moja maishani. Minyoo wa kichocho cha mkojo nao hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yao hutoboa ukuta wa kibofu ili yatoke. Njia mbili tofauti, rangi moja.

Zipo dalili zinazoelekeza upande mmoja. Damu ya kifuko mara nyingi huja ghafla pamoja na maumivu ya ubavu mmoja, kisha hupungua baada ya siku chache ukipumzika na kunywa maji. Damu ya kichocho hupenda kutokea mwisho wa kukojoa, matone ya mwisho mwisho, na huenda ikaendelea kwa wiki nyingi bila maumivu makali. Lakini nimeona za kila aina, na mtu mwenye vifuko hajakingwa na kichocho. Anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja.

Kwa hiyo daktari anahitaji kusikia mambo mawili kwa pumzi moja: kwetu tuna ugonjwa wa vifuko, na tarehe fulani nilioga maji fulani. Wagonjwa wengi husema la kwanza tu. Daktari akishasikia "vifuko", anaandika vifuko na mambo yanaishia hapo. Wengine husema la pili tu, wanapewa dawa ya kichocho, na hakuna anayeuliza kwa nini figo zao zinapapaswa tumboni.

Kipimo chenyewe ni rahisi, ila kina saa zake. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, hivyo mkojo wa alfajiri, ule ambao watu hupenda kuuleta kwenye chupa iliyofungwa kwa mfuko wa nailoni, ndio usiotufaa. Tembea kidogo kabla, panda ngazi kama zipo, kisha ukojoe na utuletee hasa ule wa mwisho. Tunachukua mililita 10 kwa bomba la sindano, tunazisukuma kupitia kichujio chembamba, na kichujio tunakiweka chini ya hadubini. Yai lina umbo la mbegu ya tango, urefu wake kati ya maikroni 110 na 170, na nchani lina mwiba mfupi. Huo mwiba ukionekana, ubishi umekwisha: kichocho kipo. Usipoonekana siku moja, rudia siku nyingine mbili, maana mgeni aliyeoga mara moja huwa na minyoo wachache na mayai ya kutafuta kwa tochi.

Mimi niliogelea baharini tu.

Basi kichocho ondoa. Konokono anayekibeba huishi kwenye maji baridi, si ya chumvi. Bwawa la hoteli lenye klorini nalo halina neno.

Ila "baharini tu" huwa na nyongeza ukiuliza vizuri. Kuna aliyepanda na mtumbwi juu ya Mto Sabaki kuangalia viboko akashuka kusukuma. Kuna aliyesaidia kunywesha ng'ombe kwenye lambo la mjomba wake, na aliyekuja Lamu kwa barabara akasimama bonde la Tana kunawa miguu kwenye mfereji wa shamba. Kichocho hakihitaji kuogelea. Mabuu yake hupenya ngozi iliyozama kwa dakika chache, na kwa aina ya mkojo huwa wengi zaidi majini jua likiwa kali mchana.

Kwenye kisiwa cha Lamu chenyewe hakuna mto, watu huoga maji ya kisima au ya mvua yaliyohifadhiwa. Maji yaliyokaa kwenye tangi safi siku mbili bila konokono hayana mabuu hai tena.

Nilipimwa wiki moja baada ya kuoga mtoni, wakasema sina kitu. Si yatosha?

Haitoshi. Minyoo wanahitaji muda wa kukua, kuoana na kuanza kutaga, na kwa kichocho cha mkojo mayai huchukua kama miezi miwili au zaidi kuonekana. Kipimo cha kingamwili cha damu nacho hufanyika vizuri kuanzia wiki ya sita hadi ya kumi na mbili. Kwa mgeni asiye na dalili, ushauri wangu ni kupima miezi mitatu baada ya maji ya mwisho, hata kama umesharudi Nairobi au Ulaya.

Katikati ya kipindi hicho, wiki ya pili hadi ya nane, baadhi ya watu hupata homa, kikohozi, upele wa kuwasha na uchovu. Ni mwili unapambana na minyoo wachanga. Mwenye vifuko akija na homa na maumivu ya ubavu, kila mtu hufikiria kifuko kimeingia bakteria, na antibiotiki zinaanza. Ombeni hesabu kamili ya damu yenye mchanganuo wa chembe nyeupe. Eosinofili, aina mojawapo ya chembe hizo, zikipanda juu sana, bakteria si mshukiwa wa kwanza tena. Na prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikitolewa mapema mno haiwaui wachanga vizuri; inabidi irudiwe wakikomaa.

Kipimo cha damu kinasema nina kichocho. Nilizaliwa Malindi, sasa naishi Marekani.

Karatasi hiyo hiyo ina maana mbili kutegemea aliyeishika. Kwa mtu ambaye hajawahi kugusa maji ya Afrika kabla ya safari hii, kingamwili zikionekana tunaamini ameambukizwa. Kwako wewe uliyecheza kwenye madimbwi ya mvua na mifereji ukiwa mtoto, kingamwili zaweza kuwa za miaka ishirini iliyopita, minyoo wakiwa wameshakufa. Hapo ni kutafuta yai kwenye mkojo na kwenye choo, kisha daktari aamue. Wengi huona ni heri kutibu mara moja kuliko kubishana na karatasi, nami sioni kosa.

Njia ya mkato iliyozoeleka huku kwetu pia ina mtego. Kwenye maeneo ya kichocho, mkojo wa mtoto wa shule ukichovywa kijiti cha kupimia na kikaonyesha damu, mara nyingi hiyo yatosha kumpa dawa. Kwa mwenye vifuko kijiti hakisaidii kitu, kwa sababu figo zake zaweza kutoa chembe za damu bila mdudu yeyote. Usikubali kutibiwa, wala kuachwa bila kutibiwa, kwa kijiti peke yake.

Ultrasaundi imesema figo moja "imejaa maji". Si kawaida kwa ugonjwa wangu?

Uliza maji yako wapi. Maji ndani ya vifuko ndiyo kawaida yako. Maji yaliyokwama kwenye njia ya mkojo kwa sababu mrija umebanwa ni jambo jingine, na kichocho cha siku nyingi huubana mrija huo, sawa na jiwe. Vifuko vilivyo karibu na mlango wa figo huweza kufanana sana na figo iliyofura, hata fundi hodari akakosea. Nenda na kibofu kilichojaa ili ukuta wake uonekane, mwambie aangalie kama ukuta huo umekuwa mnene, na mpe picha zako za zamani.

Picha za zamani ni mali. Zipige kwenye simu, pamoja na kipimo cha mwisho cha kriatinini (kipimo cha damu cha kuonyesha figo zinavyofanya kazi), kabla hujapanda ndege au basi.

Kwa ambaye hajawahi kuthibitishwa lakini mzazi wake anao: vifuko vitatu au zaidi kwa jumla, katika umri wa miaka 15 hadi 39, vinatosha kuuita ugonjwa wa familia. Kuanzia miaka 40 hadi 59 vinatakiwa angalau viwili kila figo. Kifuko kimoja kwa mzee wa miaka 60 hakimaanishi kitu.

Wameona vifuko kwenye ini pia. Rafiki yangu amesema ni tegu wa mbwa.

Watu wazima wengi wenye vifuko vya figo huwa navyo kwenye ini vilevile, kwa hiyo usianze kumlaumu mbwa. Isitoshe, kifuko cha tegu hukua kwa miaka. Aliyekaa Watamu wiki mbili hawezi kurudi na kifuko cha tegu cha safari hiyo.

Swali linakuwa la maana kwa aliyekulia au kufanya kazi kwa miaka kwenye jamii za wafugaji wanaoishi na mbwa. Turkana imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sehemu zenye ugonjwa huu kwa wingi duniani, na mpango wa kuudhibiti ulianza huko mwaka 1983. Picha husaidia sana hapa. Kifuko cha kurithi kina ukuta mwembamba na maji safi ndani, basi. Cha tegu huonyesha ukuta wa mistari miwili, au vifuko watoto ndani ya mama yao, au utando uliobanduka unaoelea. Kikiwa kichanga, hata hivyo, hufanana kabisa na cha kurithi, na kipimo cha damu kinaweza kutoka safi ilhali tegu yumo.

Kukiwa na shaka yoyote, mtu asichome sindano kuvuta maji "tuone ni nini". Maji ya tegu yakimwagika tumboni huweza kuleta mzio wa kuua palepale, na mbegu zake huota upya mahali pengine. Kazi hiyo ina wataalamu wake na dawa inayotangulia.

Nina homa na maumivu makali chini ya mbavu za kulia.

Malaria kwanza, kila mara. Soma swali linalofuata. Ikishaondolewa, kwa mwenye vifuko vya ini wanabaki washukiwa wawili wakubwa: kifuko kilichoingia bakteria, na jipu la amiba.

Jipu la amiba huwapata zaidi wanaume watu wazima, mara nyingi huwa moja, upande wa kulia wa ini, na laweza kutokea miezi kadhaa baada ya safari. Watu husema "lakini sikuharisha". Wengi hawaharishi, na choo kikipimwa huwa safi. Kipimo cha kingamwili ndicho chenye msaada, kwa kuwa hutoka chanya kwa zaidi ya tisa kati ya kumi, ingawa wiki ya kwanza chaweza kudanganya. Hapa tena picha ya zamani ndiyo shahidi: doa ambalo mwaka jana halikuwepo, au kifuko cha zamani kilichobadilika ukuta na maji yake kuwa tope. Tiba za jipu na za kifuko chenye bakteria hazifanani hata kidogo, kwa hiyo usizibahatishe kwa kemisti.

Homa tu, bila kitu kingine. Nisubiri?

Usisubiri. Kuanzia siku ya saba baada ya kufika pwani, homa ni malaria mpaka hadubini ikatae. Kipimo cha haraka cha tone la damu ni kizuri, lakini ombeni na kioo cha damu kisomwe kwa hadubini pia. Kipimo cha kwanza kikitoka safi na homa ipo, rudia baada ya saa 12 hadi 24, na cha tatu tena. Na kama ulitibiwa malaria wiki mbili zilizopita, kipimo cha haraka chaweza kubaki chanya ingawa vimelea vimekwisha. Hapo kioo ndicho kinachosema kweli.

Mwenye figo dhaifu ana sababu ya ziada ya kukimbia: malaria kali hushambulia figo zenyewe. Kriatinini ikipanda, daktari akiwa hana ya zamani ya kulinganisha, hatajua kama ni ya leo au ya miaka yote. Mkojo wa rangi ya koka wakati wa homa ni dharura, na usijifariji kwamba ni kifuko kimevuja.

Na tafadhali, sindano ya daiklofenaki inayotolewa kwa kila mwenye maumivu, ikatae kwa adabu. Brufeni pia. Paracetamoli yatosha.

Mjukuu wangu ana sikoseli, anakuja kutoka Ujerumani. Mimi bibi yake nimwambie nini?

Bibi, kwanza: ile habari kwamba sikoseli inakinga malaria ni ya wenye chembe moja tu, yaani waliorithi kwa mzazi mmoja. Mwenye ugonjwa kamili hakingwi, na malaria kwake ni hatari kuliko kwa mtoto mwingine. Aje akiwa na dawa ya kinga aliyopewa na daktari wake, alale ndani ya chandarua, na homa yake isipitishe usiku nyumbani.

Jambo la pili halijulikani sana. Sikoseli yenyewe huweza kutoa damu kwenye mkojo, hata kwa mwenye chembe moja. Hivyo akikojoa damu baada ya kuoga mtoni Sabaki na binamu zake, apimwe mayai ya kichocho kwa utaratibu wa hapo juu, na maabara ielezwe kwamba ana sikoseli.

Nimepandikizwa figo. Nina cha kuogopa zaidi?

Ndiyo, na jina lake ni strongiloidi. Huyu ni mnyoo mdogo anayeingia kwa ngozi ya mguu pekupeku kwenye udongo mchafu, kisha hujizalisha ndani ya mtu kwa miongo bila dalili. Siku utakapopewa dozi kubwa ya steroidi, au dawa za kulinda figo mpya zikibana kinga, huzaana bila breki, husambaa mapafuni na kubeba bakteria hadi kwenye damu. Wengi wanaofikia hapo hawaponi.

Ugumu ni kwamba dawa zako huzificha dalili. Eosinofili zaweza zisipande. Kingamwili zaweza kuwa chache mno kuonekana. Choo cha siku moja humkosa mara nyingi, hivyo tunataka vya siku kadhaa, na kama maabara inaweza kuotesha, bora zaidi. Aliyekulia pwani na sasa yuko kwenye foleni ya kupandikizwa apimwe kabla, ama apewe ivamektini, dawa ya mnyoo huyu, kabla, daktari akiona hivyo. Huyu ndiye mgonjwa ambaye mimi ningempima hata kama hana kidonda wala kikohozi.

Mkojo wangu ni mweupe kama maziwa.

Huenda ni usaha, huenda ni chokaa ya mkojo, na kwa mkaazi wa siku nyingi wa Lamu au Kilifi huenda ni mdudu yuleyule wa matende na mabusha. Mgeni wa wiki mbili hapati hilo, linahitaji kuumwa na mbu kwa muda mrefu. Vimelea vyake huja kwenye damu ya mishipa ya karibu na ngozi saa nne usiku hadi saa nane usiku, kwa hiyo tunachukua damu usiku. Mkojo saa nne hadi nane mchana, damu saa nne hadi nane usiku. Wanafunzi wetu hawasahau.

Nimefunga Ramadhani. Huo mkojo wa mchana nitautoa vipi?

Utautoa, hata kidogo. Kutoa mkojo hakufunguzi. Ila mwenye vifuko anayefunga kwenye joto la Malindi, hasa anayetumia tolvaptani, dawa ya kupunguza kasi ya vifuko, inayomkojoza kutwa, aongee na daktari wake kabla mwezi haujaandama. Hali kadhalika kwenye kuharisha: tolvaptani na kuharisha havikai pamoja, mpigie daktari wako siku hiyo hiyo.

Dawa za huku zitaumiza figo zangu?

Prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa kawaida haihitaji kupunguzwa kwa sababu ya figo. Ya kuangaliwa ni kinga ya malaria: mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili haufai kwa kinga iwapo uchujaji wa figo uko chini ya mililita 30 kwa dakika. Doksisaikilini huwa mbadala.

Niko Lamu. Niende wapi?

Lamu mjini kuna Hospitali ya King Fahd. Ukiwa Pate, Faza au Kiunga, hesabu bahari ndani ya safari yako: homa iliyoanza asubuhi ondoka nayo asubuhi, usingoje jioni, na wakati wa kusi ongeza muda. Chukua picha zako, orodha ya dawa, na tarehe za maji. Aliye Malindi ana nafuu ya barabara, na Kilifi haiko mbali.

Watoto wangu walioga nami. Wapimwe vyote viwili?

Kichocho, ndiyo, wote walioingia majini, wakati mmoja na wewe, miezi mitatu baadaye. Ugonjwa wa vifuko ni shauri jingine. Kila mtoto wako ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi, lakini ultrasaundi safi ya mtoto wa miaka saba haimaanishi hana, na mtoto asiye na dalili hana haja ya kubandikwa jina la ugonjwa wakati wa likizo. Mpimeni shinikizo la damu kila mwaka kwa daktari wake wa kawaida. Mkojo wa kichocho uleteni saa nne asubuhi.